Unataka kwenda Accompong tarehe 6 Januari? Jipange hivi

Wadau mlioko Marekani, Kanada au Uingereza, mkienda Jamaica msiishie bichi tu. Ukishatua Montego Bay tafuta dereva anayeijua milima, maana Accompong ni kijiji kilicho juu kabisa huko mkoa wa St. Elizabeth, pembeni ya Cockpit Country, eneo la vilima na mabonde, barabara ni nyembamba imejaa kona na siku ya sherehe foleni ni balaa, so toka alfajiri.

Ila kwanza jua unaenda kwa nani. Hawa ni Wamaroon, wazee wao walitoroka utumwani wakaingia milimani, wakawasumbua Waingereza miaka na miaka chini ya kiongozi wao Cudjoe, mpaka 1739 Waingereza wakaona hapa hatuwezi, wakaja na mkataba wa kuwaachia uhuru wao na ardhi yao. Mkataba huohuo uliwafunga wawarudishe watumwa wengine watakaotoroka, na hilo linauma mpaka leo. Ukiliulizia, uliza kwa adabu, tena mtu mzima, usiende kubishana na watu siku ya sikukuu yao.

Tarehe 6 ndo wanamkumbuka Cudjoe. Utasikia abeng, pembe ya ng'ombe inayopulizwa kama baragumu letu, enzi za vita walinzi waliitumia kupeana habari kutoka kilima hadi kilima. Ifuate, itakufikisha kwenye mwembe mkubwa unaoitwa Kindah, hapo ndo panapikwa nguruwe dume bila chumvi, chakula cha mizimu kwanza. Kama huli nguruwe usijali, barabarani kunauzwa vitu vingine kibao.

Sogea karibu na ngoma. Kuna moja ya mraba ina miguu kama stuli, inaitwa gumbe, iangalie vizuri kwasababu Wamaroon wa kijiji kingine, Trelawny Town, waliposhindwa vita ya 1795 na Waingereza wakahamishwa Nova Scotia huko Kanada, halafu 1800 wakapelekwa Sierra Leone, gumbe ikaenda nao ikasambaa Afrika Magharibi. Yani ngoma ilirudi nyumbani kabla ya watu wengi!

Wazee wakiondoka kwenda makaburini usiwafuate mpaka uambiwe twende, na simu iweke mfukoni, picha omba kwanza. Mtu wa kukutembeza chukua wa hapohapo kijijini, hela ibaki kwao. Ukiweza lala, muziki unapigwa mpaka asubuhi, na sweta beba, mlimani usiku kuna kibaridi.