Unataka kujua kama antioksidanti inaongeza umri wa nzi? Fanya hivi
Nimetoka kumsaidia dogo wa mwaka wa tatu pale Mlimani na projekti yake, naandika kabisa maana swali hili linarudi kila mwaka. Tunatumia nzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Antioksidanti ni kemikali zinazotuliza radikali huru, yaani molekuli zinazoharibu seli.

1. Pika chakula. Sembe, sukari, hamira, na agari ya kugandishia.

2. Weka antioksidanti. Vitamini C inaharibika na moto, subiri chakula kipoe mpaka chupa ishikike kwa mkono, ila usizubae agari isije ikaganda. Kurkumini, ile kemikali ya kwenye manjano, haiyeyuki vizuri kwenye maji, inataka ethanoli, kwa hiyo na kundi la kulinganishia, lisilopewa antioksidanti, lipewe ethanoli ileile kiasi kilekile. Manjano ya unga ya Kariakoo achana nayo, dozi huijui.

3. Chukua nzi wa umri mmoja, waache wapandane siku mbili, tenga majike na madume, 20 kila kichupa, zaidi ya 100 kila dozi. Nyuzi 25. Umeme ukikatika chumba kinapanda joto na nzi wanakufa mapema, kwa hiyo kila rafu ichanganye vichupa vya makundi yote, joto likija liwapate wote sawa.

4. HAPA NDO PENYEWE jamani. Pima nzi wanakula kiasi gani. Nzi akipunguziwa chakula anaweza kuishi muda mrefu zaidi, sasa kama ulichoweka ni kichungu wakasusa, utasema antioksidanti imerefusha maisha kumbe ni njaa! Weka rangi ya bluu ya chakula, waache nusu saa TU maana wakikaa zaidi wanaanza kunya na rangi inatoka nayo, halafu wasage usome kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima ukali wa rangi. Rudia wakishazeeka, ulaji unabadilika. Hesabu na mayai, jike asiyekula vizuri hatagi vizuri. Ukikuta wanakula pungufu shusha dozi uanze upya, hamna takwimu itakayokuokoa hapo. Nadharia ya mwanasayansi Denham Harman ya 1956, kwamba radikali huru ndo zinatuzeesha, inavutia sana na watu wanakimbilia majibu, lakini hata resveratroli, antioksidanti ya kwenye zabibu iliyosifiwa kote, watafiti Bass na wenzake waliwapa nzi wakachapisha 2007, hawakuona ongezeko la maana la umri.

5. Hamishia chakula kipya kila siku mbili tatu, andika vifo. Aliyetoroka au kubanwa na pamba usimwandike kafa kwa uzee, mtoe kwenye hesabu kuanzia siku hiyo. Mchoro wa Kaplan-Meier, unaoonyesha sehemu ya nzi walio hai kadiri siku zinavyokwenda, fanya kwenye programu ya takwimu ya R, Excel itakutesa bure.