Jinsi ya kupanga njia ya baiskeli kwenye barabara za mashambani Ufaransa

Ufaransa ina barabara ndogo za lami nyingi mno, hivyo kazi si kupata njia bali kuchagua. Vijiji viwili vilivyoachana kilomita kumi huweza kuunganishwa na barabara tatu: moja ya malori, ya pili imenyooka lakini haina kivuli, na ya tatu inazunguka kati ya mashamba bila gari hata moja kwa dakika kumi. Ukiiachia simu ikuchagulie, mara nyingi utapewa ya kwanza, au ya nne ambayo haina lami kabisa.

Anza na herufi za barabara. A ni barabara kuu za kasi na baiskeli hairuhusiwi. N ni za kitaifa. Nyingine unaweza kupita, lakini ukiona kibao cha mraba cha buluu chenye picha ya gari jeupe, usiingie: ni barabara ya magari tu. D ni barabara za departementi (eneo la utawala), na humo ndimo utakamopita karibu siku nzima. C ni za kijiji chenyewe, nyembamba, mara nyingi bila mstari wa kati.

Wengi hufuata kanuni kwamba namba ya D ikiwa kubwa, magari ni machache. Inasaidia, lakini usiiamini peke yake. D942 kati ya Avignon na Carpentras ni barabara pana ya magari yanayokwenda kasi. D942 hiyohiyo, mbele zaidi mashariki, inaingia korongo la Nesque na kuwa mojawapo ya njia tulivu kabisa za Provence, kusini mwa Ufaransa. Tena namba huweza kubadilika ukivuka mpaka wa departementi, kwa hiyo usiandike kwenye karatasi "fuata D fulani hadi mwisho". Andika majina ya vijiji, maana ndiyo yaliyoandikwa kwenye vibao vya njia panda.

Kinachoaminika zaidi ni rangi za ramani ya Michelin ya karatasi. Nyekundu ni barabara kubwa, njano ni za kati, nyeupe ni ndogo. Unganisha nyeupe kadiri uwezavyo, tumia njano kwa vipande vifupi, na nyekundu ivuke tu. Ukingo wa kijani kando ya barabara maana yake ni mandhari nzuri. Vishale vidogo juu ya barabara vinaonyesha mwinuko: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya 13. Kishale huelekea upande wa kupanda. Wengi husahau hilo, wakajikuta wakisukuma baiskeli mahali walipodhani watateremka.

Ukishachora njia kwenye karatasi, ihamishie kwenye programu ya ramani. Chagua mpangilio wa baiskeli ya barabarani, si "baiskeli" kwa ujumla, la sivyo utapitishwa kwenye vijia vya matrekta. Kagua kila kipande kisicho na namba kwa picha ya setilaiti: lami huonekana kijivu, njia ya shamba huonekana kahawia na mara nyingi ina majani katikati.

Tuchukue mfano mmoja kamili, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Kituo cha Carpentras kilirudishiwa treni za abiria kutoka Avignon mwaka 2015, kwa hiyo unafika bila gari. Kutoka hapo pita Mazan na Mormoiron hadi Villes-sur-Auzon, kijiji kinachofaa kuwa mwanzo wa mzunguko. Shika D942 kuelekea Monieux kupitia korongo la Nesque, endelea hadi Sault, kisha rudi kwa D1 kupitia kipito cha mlimani cha Col des Abeilles, mita 996, na kuteremka tena Villes-sur-Auzon. Mzunguko huo, bila kuhesabu njia ya kutoka Carpentras, ni kama kilomita 60, na jumla ya kupanda ni mita 900 hivi.

Kwa nini upande huo na si kinyume chake? Ufaransa huendesha kulia. Ukipanda kutoka Villes, bonde liko upande wako wa kulia, hivyo unaliona vizuri na unakwenda polepole. Mawe madogo huporomoka kutoka kwenye mwamba na kulala barabarani, hasa baada ya mvua. Ukiwa kwenye mwendo wa kupanda unayakwepa kwa urahisi, lakini ukiwa unateremka kwa kasi na kuingia kona ndipo yanapokuangusha. Mwinuko wenyewe ni wa upole, wastani wa asilimia 2 au 3. Kuna mahandaki mafupi ya mwamba. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia na uwashe taa ya nyuma. Mahali pa kutazama panaitwa Castelleras, mita 734, mkabala na jabali la Rocher du Cire. Kati ya Villes na Monieux usitegemee duka wala bomba. Jaza chupa mbili kabla ya kuondoka.

Hesabu ya muda ni rahisi. Kwa mtu wa kawaida, weka saa moja kwa kila kilomita 20, kisha ongeza dakika 5 kwa kila mita 100 za kupanda. Hapa ni saa tatu na dakika 45 za kunyonga baiskeli. Ongeza saa moja ya kusimama. Ukiondoka Villes saa mbili asubuhi, utakuwa Sault kama saa nne hivi, maduka yakiwa wazi. Kwa mlima wa Mont Ventoux hesabu hiyo haitoshi: kutoka Bédoin ni kilomita 21 na zaidi ya mita 1,500 za kupanda, na kipande cha msitu kati ya Saint-Estève na Chalet Reynard hakilegei kabisa. Huko hesabu kwa kimo, mita 600 kwa saa, na uangalie utabiri wa upepo wa mistral kabla ya kitu kingine chochote.

Saa za maduka ndizo zinazowaharibia wageni siku kuliko milima. Duka la kijiji hufungwa kuanzia saa sita au sita na nusu mchana hadi saa nane au tisa. Jumapili mchana karibu kila kitu kimefungwa. Jumatatu duka la mkate mara nyingi limepumzika, na mwezi Agosti linaweza kufungwa wiki kadhaa kwa likizo. Ukifika mgahawani saa nane unusu utaambiwa jiko limezimwa. Kwa hiyo nunua mkate asubuhi, hata kama huna njaa. Jumatano ni siku ya soko Sault: chakula tele, lakini barabara za katikati hazipitiki kwa haraka. Maji yakikuishia, tafuta makaburi ya kijiji. Karibu kila moja lina bomba. Soma kibao: "eau potable" ni ya kunywa, "eau non potable" usinywe.

Mgeni awe mwangalifu hasa ndani ya kijiji, kwa sababu ya sheria ya kumpisha anayetoka kulia. Pasipo kibao chochote, gari linalochomoza kutoka kichochoro cha kulia lina haki ya kupita kabla yako, hata kama kichochoro ni chembamba kama mlango wa zizi. Kibao cha almasi ya njano kinakupa haki ya njia. Kikiwa na mstari mweusi, haki hiyo imekoma. Pembetatu yenye msalaba mweusi inaonya kwamba njia panda ijayo ni ya kumpisha wa kulia.

Neno jingine la kukariri kwenye vibao ni "gravillons", yaani kokoto. Wakati wa kiangazi barabara ndogo hufunikwa lami mpya na kokoto huru, kisha magari ndiyo yanayozishindilia. Ukiliona, punguza mwendo kabla ya kona, usiguse breki ya mbele ndani ya kona, na upite kwenye mkondo wa magurudumu ya magari. "Route barrée" maana yake barabara imefungwa. Mara nyingine baiskeli hupita hata hivyo, lakini kama ni daraja linalojengwa utarudi ulikotoka, kwa hiyo muulize mtu kabla ya kuteremka bondeni.

Matairi ya milimita 28 yanatosha, 32 ni starehe. Kwa mtu wa kilo 70, jaza 28 kwa psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 70 hivi, na 32 kwa psi 55. Ukijaza zaidi, lami chakavu itakutikisa mikono na tairi litateleza kwenye kokoto. Gia: meno 34 mbele na 32 au 34 kwenye fraiwili ya gurudumu la nyuma. Beba tyubu mbili, si moja, na kiraka, kwa kuwa duka la baiskeli linaweza kuwa kilomita 40 mbali.

Sheria inadai kengele, breki mbili, taa mbele na nyuma, na viakisi mwanga. Nje ya mji, usiku au kukiwa na ukungu, fulana ya kuakisi mwanga ni lazima. Helmeti ni lazima kwa walio chini ya miaka 12. Visikizi vya masikioni vimepigwa marufuku tangu 2015, na faini ni yuro 135. Kwenda wawili sambamba mchana kunaruhusiwa, ila gari likitaka kupita mnajipanga mmoja nyuma ya mwingine. Dereva naye anatakiwa kuacha mita 1.5 nje ya mji.

Kurudi kwa TER, treni ya mkoa, kwa kawaida baiskeli hupanda, ila baadhi ya mikoa hudai nafasi iwekwe mapema msimu wa joto. TGV, treni ya kasi, huhitaji nafasi ya baiskeli iliyolipiwa, na si kila treni inayo. Ikikosekana, fungua magurudumu, tia baiskeli kwenye begi lake, nayo itasafiri kama mzigo.