Kupika maharage kwa presha kuka bila kupoteza gesi

Watu hununua presha kuka kwa ajili ya haraka. Chakula kweli huiva mapema, lakini nyumba nyingi bado zinalalamika kwamba mtungi wa gesi unakwisha upesi. Chanzo kwa kawaida ni kimoja: moto unaachwa mkali mwanzo hadi mwisho, filimbi (kile kizito kinachokaa juu ya tundu la mvuke) inapiga mfululizo, na mpishi anahesabu, "bado mbili." Mvuke unaotoka kwa fujo namna hiyo ni gesi inayokwenda bure, na hauivishi maharage mapema hata kidogo. Faida ya chombo hiki iko kwenye zile dakika za moto mdogo. Ukizikosa, umenunua sufuria ya bei ghali.

Maji yakishachemka kwenye sufuria ya kawaida hayapandi joto tena, hata ukoleze moto namna gani. Pwani yanaishia nyuzi 100 za Selsiasi, Arusha karibu 95, Njombe karibu 93. Ndiyo maana maharage yaleyale yanayoiva vizuri Dar es Salaam yanasumbua ukiyapeleka Njombe. Ndani ya presha kuka mvuke umefungiwa, kwa hiyo maji yanafika karibu nyuzi 120 ndipo filimbi inyanyuke. Nyuzi hizo za ziada ndizo zinazoifanya saa mbili na nusu iwe dakika 12. Anayeishi nyanda za juu ananufaika zaidi kuliko wa pwani.

Vipimo vya hapa ni vya maharage makavu nusu kilo na presha kuka ya lita 5 ya kuweka juu ya jiko, yenye filimbi.

Hatua ya 1: Chambua na loweka

Chambua mawe na maharage yaliyooza, osha, kisha loweka kwenye maji lita 2 yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa saa 8. Ukiloweka usiku, asubuhi yako tayari. Chumvi haikakamazi maharage kama inavyosemwa. Kinyume chake, inasaidia ganda kulainika. Vinavyokakamaza ni vitu vichachu: nyanya, ndimu, ukwaju. Hivyo visikaribie chungu mpaka maharage yaive.

Kabla ya kupika, chukua harage moja ulipasue katikati kwa ukucha. Likiwa na rangi moja mpaka ndani, limeloana vya kutosha. Ukiona kiini cheupe kikavu kama chaki, ongeza saa moja au mbili. Mwaga maji ya kuloweka na suuza.

Maharage ya zamani, yaliyokaa stoo yenye joto msimu mzima au zaidi, hubaki magumu hata ukiyaloweka. Hayo yape dakika 20 hadi 25 badala ya 12. Usikimbilie magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanakula aluminiamu na kuigeuza nyeusi, na ukishaloweka na kutumia presha huyahitaji.

Hatua ya 2: Kagua chombo

Hii inachukua nusu dakika na haifai kurukwa. Nyanyua mfuniko, elekeza tundu la mvuke kwenye mwanga, uchungulie: lazima uone mwanga upande wa pili. Maganda ya choroko na dengu hupenda kunasa humo. Likiwa limeziba, zibua kwa waya mwembamba kisha pitisha maji.

Halafu uchomoe mpira wa mfuniko na uukunje kidogo. Ukirudi wenyewe kama ulivyokuwa, ni mzima. Ukibaki umekunjika, ukiwa mgumu kama plastiki au una nyufa, badilisha. Mwisho tazama vali ya usalama, kile kidude kidogo pembeni mwa tundu la mvuke. Kazi yake ni kufunguka au kuyeyuka pale tundu kuu linapoziba. Ikishawahi kufyatuka, nunua nyingine ya aina ileile. Kuna mafundi wanaoziba tundu lake kwa msumari au kwa gundi; chombo kilichozibwa hivyo hakina tena pa kupumulia, na hakifai kuwekwa kwenye moto katika nyumba yenye watu.

Hatua ya 3: Maji na mafuta

Weka maharage, mimina maji lita 1, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia. Mafuta hayo si ya ladha, ni ya kuzuia povu. Maharage hutoa povu zito, na povu likifika kwenye tundu la mvuke linabeba maganda na kuziba.

Kwa sababu hiyohiyo, vitu vya jamii ya maharage visizidi nusu ya chombo, pamoja na maji yake. Nyama inaweza kufika theluthi mbili. Wala usipike na maji chini ya vikombe viwili: mvuke unatoka kidogokidogo muda wote, na maji yakikauka chakula kinaungua chini huku wewe huoni kitu.

Hatua ya 4: Moto mkali, halafu moto mdogo

Funga mfuniko bila kuweka filimbi. Washa moto mkali. Baada ya dakika kadhaa mvuke utaanza kutoka kwenye tundu, kwanza kwa kusitasita, halafu mstari ulionyooka usiokatika. Uache utoke hivyo dakika moja, ili hewa iliyobaki ndani iishe. Hewa ikibaki, joto halifiki linapotakiwa. Sasa weka filimbi.

Subiri ipige mara ya kwanza. Hapo hapo punguza moto mpaka mdogo kabisa, kisha angalia saa. Dakika 12 zinaanza kuhesabiwa sasa, si ulipowasha jiko. Moto ukiwa sawasawa utasikia chombo kikifoka taratibu, na filimbi itapiga mara moja tu kila baada ya dakika mbili tatu, pengine isipige kabisa. Watu wengi hushtuka wakidhani imezimika. Ukiigusa filimbi kidogo kwa mwiko ikatoa "sss," presha ipo.

Kuhesabu filimbi si kipimo. Filimbi tano kwenye moto mkali zinaweza kuisha ndani ya dakika nne. Filimbi tano hizohizo kwenye moto mdogo zikachukua robo saa. Hesabu dakika.

Kwenye jiko la mkaa kazi ni kubwa kidogo kwa sababu moto haushuki kwa kuzungusha kitufe. Filimbi ikipiga, ondoa nusu ya mkaa, mwingine ufunike kwa majivu, na ufunge mlango wa jiko. Mkaa uliobaki unatosha kumaliza kazi.

Hatua ya 5: Zima na uache

Zima jiko, usiguse kitu kwa dakika 15. Ndani maharage bado yanaiva kwa joto lililobaki, na hiyo ni gesi usiyoilipia. Ukinyanyua filimbi mapema ili utoe mvuke kwa nguvu, mchuzi unachemka ghafla, maganda yanapasuka, na maji yenye povu yanaruka mpaka darini. Kumwagia maji ya bomba juu ya mfuniko kunafaa kwa nyama au viazi, si kwa maharage.

Fungua pale tu filimbi ikinyanyuliwa haitoi sauti yoyote. Mfuniko ukikataa, usiushurutishe kwa nyundo wala kisu. Kama mvuke bado upo, subiri. Kama chombo kimeshapoa kabisa na bado umeng'ang'ania, hewa ya nje ndiyo inayoukandamiza: rudisha kwenye moto mdogo nusu dakika, zima, ujaribu tena.

Onja maharage matano, si moja. Yote yapondeke kwa ulimi na kaakaa. Yakiwa bado magumu, rudisha kwenye presha dakika 5. Hasa maharage mekundu usiyale yakiwa nusu mabichi: yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na inakwisha kwa kuchemka vizuri.

Hatua ya 6: Kuunga

Hapa presha kuka imemaliza kazi. Kaanga kitunguu na nyanya kwenye sufuria nyingine mpaka nyanya ziive na mafuta yajitenge, mimina maharage na mchuzi wake. Ukitaka ya nazi, weka tui jepesi kwanza, lichemke dakika 5, kisha tui zito mwishoni kwa moto mdogo ukikoroga. Usilifungie tui ndani ya presha: linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi unakuwa na chengachenga.

Vyakula vingine

Dakika zote zinahesabiwa baada ya kupunguza moto. Kunde zilizolowekwa, 8 hadi 10. Mbaazi kavu zilizolowekwa, 12 hadi 15. Nyama ya ng'ombe ya vipande, 20 hadi 25. Kuku wa kienyeji aliyekomaa, 25 hadi 30. Utumbo, 30 hadi 35. Makongoro, saa nzima. Makande yanahitaji mpango: mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa usiku yaanze peke yake dakika 20, fungua, ongeza maharage yaliyolowekwa na maji kikombe kimoja, funga tena dakika 15. Ukivitia pamoja tangu mwanzo, maharage yatakuwa uji kabla mahindi hayajalainika.

Ikileta shida

Mvuke ukitoka pembeni mwa mfuniko, zima kwanza, subiri ipoe, kisha angalia mpira. Mara nyingi ni punje au ganda limekaa kwenye mdomo wa chombo. Likifutwa, tatizo limekwisha. Ikiendelea, mpira umechoka.

Filimbi ikichelewa kupiga zaidi ya dakika 15 na mvuke hautoki popote, ama maji ni machache ama tundu limeziba. Zima mara moja.

Baada ya kuosha, chomoa mpira na uukaushe kando. Mfuniko uweke juu ya chombo ukiwa umegeuzwa, usiufunge. Ukiufunga ukiwa na unyevu, mpira unabanwa usiku kucha, unanuka, na unapoteza unene wake kabla ya wakati.