Ukiwa na BA (shahada ya sanaa), anza na vitenzi vya tangazo la kazi
Wenzangu wa Historia, Fasihi, Sosholojia na kadhalika, hili nimelijua juzi tu hapa Kisumu nikirekebisha wasifukazi wangu kwenye saiba. Kabla ya kutuma maombi, kusanya matangazo kumi ya aina ya kazi unayoitaka, nenda moja kwa moja kwenye majukumu, upigie mstari vitenzi tu: kuhoji, kuchambua, kuratibu, kuandika ripoti. Vinavyojirudia mara nne au tano, tafuta ulipovifanya chuoni, kisha uviandike kwa idadi. Mimi nilikuwa nimeandika "Utafiti wa mwaka wa nne: historia ya biashara ya samaki." Basi. Sasa inasomeka: "Nilihoji wauza samaki 22 ufuoni Dunga kwa Dholuo na Kiswahili, nikatafsiri mahojiano na kuandika ripoti ya kurasa 40." Kazi ni ileile. Lakini anayechambua maombi ana tangazo mkononi na rundo mezani. Hana muda wa kukisia historia yako itamfaa vipi. (Na "mchapakazi mwenye bidii" futa, kila mtu kaandika hivyo.) Mbinu hii hugonga mwamba pale kazi inapodai usajili. Kufundisha shule ya umma, kwa mfano, lazima usajiliwe na TSC (tume inayosajili walimu Kenya), na BA tupu bila mafunzo ya ualimu haikufikishi huko hata uipambe vipi. Pia usiandike kitenzi usichoweza kukieleza ana kwa ana: mimi niliulizwa wale 22 niliwapataje.