Dodoma: tairi la msimu wote au la kiangazi?

Ushauri wa kubadili seti mbili kwa mwaka, ya kiangazi na ya baridi, umetoka kwenye nchi za theluji. Raba ya baridi hutengenezwa kwa barabara iliyo chini ya nyuzi 7. Dodoma hata Julai alfajiri hatufiki huko. Kwa Altezza, Mark X au Subaru ya turbo, seti moja nzuri ya kiangazi inatosha mwaka mzima, mvua za Desemba hadi Aprili zikiwemo, mradi kashata (vitalu vya raba vinavyogusa barabara) zisishuke chini ya kimo cha milimita 3. Zikishuka, maji hayatoki upesi na gari linaelea juu yake.

La msimu wote chukua kama mwendo wako ni wa kawaida tu. Kwenye kona za kasi na breki za ghafla juu ya lami ya moto, kashata zake hulegea.

Mtego uko kwenye matairi ya mtumba kutoka Japani. Geuza ubavu: ukiona "STUDLESS", yaani tairi la theluji, liache, hata likiwa jipya kabisa. Litalika upesi kwenye joto letu. Kisha soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.

Herufi ya kasi ya juu ambayo tairi linahimili: H ni kilomita 210 kwa saa, V 240, W 270. Usishuke chini ya iliyokuja na gari.

Subaru inayosukumwa na magurudumu yote manne, badilisha matairi yote manne pamoja. Yakitofautiana mzingo, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inaumia. Upepo pima asubuhi, kabla hujatembea.