Jinsi ya kutafuta msaada mtandaoni unapomuuguza mtu wa nyumbani kwako

Mwongozo huu ni wa yule anayeuguza. Ni wa mke, mume, mtoto, dada au mpwa ambaye ugonjwa mzito umeingia nyumbani kwao, na sasa yeye ndiye anayekumbuka saa za dawa, anayepokea simu za ndugu na anayesikiliza maelezo ya daktari huku akijaribu kuyashika yote. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la mtandaoni la watu wanaouguza. Nimeona kundi likimwinua mtu aliyekata tamaa. Nimeona pia mtu akiingia na hofu moja akatoka na hofu kumi. Mara nyingi kinachotofautisha wawili hawa ni kwamba wa kwanza alijua anatafuta nini, na alijua kitu gani kundi haliwezi kumpa.

Hatua ya 1: Jiulize unahitaji nini hasa

Anayeuguza huwa na haja za aina tatu, na kila moja ina mahali pake. Kuna haja ya maarifa: dawa hii inachosha kwa siku ngapi, mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwaje bila kuumia. Kuna haja ya kusikilizwa na mtu asiyekushangaa unaposema umechoka. Na kuna haja ya mikono: mtu wa kukaa na mgonjwa ili wewe uoge na ulale.

Mikono haipatikani kwa wageni walio mbali. Hiyo iombe kwa ndugu, majirani na marafiki, na kundi dogo la WhatsApp la familia linatosha kupanga zamu na kutoa habari. Ukitoa habari za mgonjwa mahali pamoja, hutazirudia kwenye kila simu. Ndivyo ulivyozaliwa mtandao wa CaringBridge huko Marekani mwaka 1997: Sona Mehring alitakiwa kuwajulisha watu wengi hali ya mtoto wa rafiki yake aliyezaliwa kabla ya wakati, akaona ni heri atengeneze ukurasa mmoja ambao wote wangeusoma.

Machozi yako, kwa upande mwingine, usiyapeleke yote kwenye kundi la familia. Humo yumo mama mkwe, wamo watoto, na pengine yumo mgonjwa mwenyewe. Haja hii ya pili ndiyo makundi ya mtandaoni huitimiza vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani.

Hatua ya 2: Zungumza na mgonjwa kabla ya kuandika neno

Ugonjwa ni wake. Hata kama wewe ndiye unayemwosha na kumlisha, habari za mwili wake si mali yako. Huhitaji hotuba ndefu. Mwambie hivi: "Mama, kuna watu mtandaoni wanaouguza ugonjwa kama wako. Nataka kuwauliza kuhusu kichefuchefu. Sitataja jina lako wala kuweka picha. Unaonaje?" Akikubali, kubalianeni pia mambo ambayo hataki yasemwe kabisa. Wengi hawajali kusema wana saratani, lakini hawataki mtu ajue kwamba wanavaa nepi. Akikataa, bado unaweza kuzungumza kuhusu uchovu wako mwenyewe bila kumgusa.

Kama hawezi kusema, jiulize angekubali nini alipokuwa mzima. Na kama ni mtoto, kumbuka kwamba siku moja atakuwa mtu mzima na ataweza kuyasoma uliyoyaandika.

Hatua ya 3: Tafuta kwa jina kamili la ugonjwa

Muombe daktari akuandikie jina la ugonjwa, aina yake na hatua uliyofikia. Ukitafuta "saratani" tu, utazama katika habari za saratani zisizofanana na ya mgonjwa wako hata kidogo. Anza na vyama vya wagonjwa wa ugonjwa huo na mashirika ya afya, kwa sababu vingi vina makundi yenye wasimamizi wanaojulikana. Waulize pia wauguzi wa kliniki. Sisi huwa tunajua familia zinazosaidiana, ila hatuulizwi.

Ugonjwa ukiwa adimu, huenda kundi zuri liko kwa lugha nyingine. Tumia programu ya kutafsiri, lakini majina ya dawa yaandike kama yalivyo kwenye boksi, na utumie jina la kitabibu badala ya jina la biashara linalobadilika kutoka nchi hadi nchi. Hata la kitabibu hutofautiana mara mojamoja: wanachokiita "acetaminophen" Marekani ndiyo parasetamoli ileile, na mtu asiyejua anaweza kumpa mgonjwa zote mbili.

Kundi sahihi linaweza kubadilisha mambo. Mwaka 2007 Dave deBronkart, Mmarekani, aliambiwa ana saratani ya figo iliyokwisha kusambaa. Daktari wake, Danny Sands, ndiye aliyemwelekeza kwenye ACOR, mtandao wa makundi ya wagonjwa wa saratani. Wanakundi walimweleza kuhusu tiba ya intalukini, dawa inayochochea kinga ya mwili ipambane na saratani, kwamba haimfai kila mtu, na wakamtajia madaktari wenye uzoefu nayo. Alitibiwa na akapona. Mimi hukisimulia kisa hiki kwa sababu ya mpangilio wake: daktari alimtuma kwenye kundi, kundi likamrudisha kwa madaktari.

Hatua ya 4: Kaa usome kwanza

Usione haya kusoma bila kuandika. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya intaneti, alieleza mwaka 2006 kwamba katika jamii za mtandaoni, kwa makadirio, kati ya watu 100, 90 husoma tu, 9 huandika mara mojamoja na 1 ndiye anayeandika sana. Uko na wengi.

Unaposoma, angalia kanuni zimeandikwa wapi na nani anazisimamia. Angalia mtu akitaja dawa ya ajabu, wengine wanasemaje. Katika kundi salama mtu atauliza "daktari wake amesemaje?" kabla jua halijazama. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: tazama wanavyompokea mtu ambaye mgonjwa wake amefariki. Kundi linalonyamaza, au linaloanza kumhoji alikosea wapi, halitakufaa siku yako ikifika.

Kundi linalosema hospitali zinaua, au lenye msimamizi anayeuza dawa mwenyewe, toka siku hiyohiyo. Utakutana na amigdalini, itokanayo na kokwa za aprikoti, ikiuzwa kwa jina la "vitamini B17". Ilijaribiwa kwa wagonjwa 178 wa saratani nchini Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1982: haikuwaponya wala haikuwarefushia maisha. Mwilini hutoa sianidi, na sianidi ni sumu.

Hatua ya 5: Andika swali linalojibika

Hapa ndipo watu wengi hupoteza msaada uliokuwa karibu nao. Wanaandika: "Baba amepata kiharusi, hali mbaya, naombeni ushauri." Watapata pole nyingi, maombi, na wauza mitishamba ndani ya inboksi. Pole ni nzuri, lakini hazimsaidii baba kumeza.

Sasa tazama swali hili, nililolitunga kama mfano:

"Namuuguza baba wa miaka 71. Alipata kiharusi wiki tatu zilizopita, upande wa kulia umelegea. Tumeruhusiwa kurudi nyumbani juzi. Chakula kilichosagwa anameza vizuri, lakini maji yanampalia. Anakohoa, na akimaliza kunywa sauti yake inakuwa kama ina maji kooni. Tunamkalisha wima. Miadi ya mtaalamu wa kumeza ni Alhamisi. Mliopitia haya, mliwanyweshaje, na mlimuuliza mtaalamu maswali gani?"

Humo mna umri, ugonjwa, muda, kinachotokea, kilichokwisha kufanyika, na swali lenyewe. Na sentensi moja ndiyo yenye uzito: sauti yenye maji kooni. Mtu aliyewahi kuuguza kiharusi, au muuguzi yeyote, atajua kwamba huenda maji yanaingia njia ya hewa, na hapo nimonia haiko mbali. Jibu la kwanza la maana litakuwa "usingoje Alhamisi, piga simu hospitali leo, na msimpe maji ya kunywa mpaka mpate maelekezo." Swali la mwanzo lisingeleta jibu hilo hata lingesomwa na watu elfu.

Ukiandika matokeo ya vipimo, andika na kizio. Sukari ya 7 kwa milimoli kwa lita ni sawa na 126 kwa miligramu kwa desilita. Nchi hazitumii kizio kimoja, na namba ikiwa peke yake humtisha mtu bure au kumtuliza bure.

Kisha jambo ambalo halipaswi kuulizwa kundini kabisa ni la dharura. Mgonjwa akishindwa kupumua, akipoteza fahamu, akitoka damu isiyokata, akipata degedege, au anayetibiwa saratani kwa tibakemikali (kemo) akipata homa, usiandike chochote. Mpeleke hospitali.

Hatua ya 6: Pima majibu, kisha yapeleke kwa daktari

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wenzako kundini wanaujua uchungu wako. Waamini wanapokueleza jinsi ya kubadilisha shuka mgonjwa akiwa kitandani, jinsi ya kuzungumza na watoto, ni swali gani walisahau kuuliza kabla ya upasuaji. Hayo wameyaishi. Dozi, kuacha dawa, kuongeza dawa au mitishamba ni mambo ya daktari na mfamasia, hata kama watu ishirini wamekubaliana.

Ushuhuda unaweza kuwa wa kweli na bado ukapotosha. Mwaka 2008 utafiti mdogo wa Italia ulidai kwamba lithiamu inapunguza kasi ya ALS, ugonjwa unaoharibu neva za misuli. Wagonjwa waliokuwa kwenye mtandao wa PatientsLikeMe wakaanza kuitumia na kuandika maendeleo yao. Takwimu zao zilipochapishwa mwaka 2011, zikiwa zimelinganishwa na za wagonjwa wenzao wasioitumia, lithiamu haikuonekana kuleta tofauti. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Mtu mmoja mmoja alikuwa anaona nafuu anayoitamani, na nani angemlaumu?

Ukiona jambo linalokuvutia, lipeleke kliniki kwa lugha hii: "Nimesoma kwamba wagonjwa wengine wenye aina hii wamepewa dawa fulani. Inamfaa mama? Kama haimfai, ni kwa nini?" Daktari mzuri hatakasirika. Andika jibu lake.

Hatua ya 7: Linda jina, picha na fedha

Kundi la faragha si siri, kwa sababu yeyote aliyemo anaweza kupiga picha ya skrini. Kwenye kundi la WhatsApp wenzako wanaiona namba yako ya simu. Kabla ya kupachika picha ya karatasi ya hospitali, ziba jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili na msimbo wa mistari.

Anayekufuata inboksi na "dawa iliyomponya mjomba" mripoti kwa msimamizi. Anayeomba fedha usimtumie kwa huruma ya usiku mmoja. Daktari wa magonjwa ya akili Marc Feldman aliandika mwaka 2000 kuhusu watu wanaojifanya wagonjwa mtandaoni ili wahurumiwe, na wasimamizi tunakutana nao. Usiwashuku wote kwa ajili yao, ila usimpe mtu usiyemjua zaidi ya maneno mema.

Hatua ya 8: Weka mipaka ya kusoma

Usisome kundi saa nane za usiku. Saa hiyo utaangukia habari za aliye mbele yako katika ugonjwa uleule, na hutalala tena. Weka muda, zima arifa, na usiyafuate machapisho ya hatua ambayo mgonjwa wenu hajaifikia, isipokuwa kama unataka kujiandaa na una mtu wa kuzungumza naye.

Utajikuta unamlilia mtu aliye hai. Erich Lindemann aliieleza huzuni hii inayotangulia msiba tangu mwaka 1944. Si uchuro wala si ukosefu wa imani. Iseme kundini, utashangaa ni wangapi watajibu "hata mimi". Lakini ukianza kuwaza kujidhuru, au ukiona hasira yako inakaribia kumwangukia mgonjwa, maneno ya kwenye simu hayatoshi. Mwite mtu aje nyumbani leo, na umweleze mhudumu wa afya aliye karibu nawe.

Hatua ya 9: Hali inapobadilika

Mgonjwa akipona, au tiba ikikoma, au akifariki, waambie kwa sentensi mbili tu. Usiwaache wakisubiri. Huna deni la kubaki wala la kuondoka. Wapo wanaokaa miaka wakiwashika mkono wageni, na wapo ambao kila chapisho huwatonesha kidonda. Ukiamua kuondoka, futa machapisho yenye picha na matokeo ya vipimo, au umuombe msimamizi akusaidie. Yale ya kumlisha, kumgeuza na kumwosha mgonjwa yaache, kuna mtu atakayeyatafuta wiki hii.