Mkataba wa dozi kati ya daktari na mfamasia: namna ya kuuandika

Mkataba huu humpa mfamasia idhini ya kubadili dozi ya mgonjwa bila kumrudia daktari kila mara. Kwanza someni sheria inayosimamia famasi. Je, mfamasia anaruhusiwa kubadili dozi kwa idhini ya daktari, au anaishia kushauri? Kama sheria inaishia kwenye ushauri, saini ya mkurugenzi wa hospitali haimwongezei kitu.

Anzeni na dawa moja. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inafaa, maana kipimo chake, INR, hutoa namba: ikipanda, damu inachelewa zaidi kuganda. Mikataba mingi huharibikia kwenye sentensi hii: "Mfamasia atarekebisha dozi inapobidi." Inapobidi ni lini? Andikeni namba. Mfano, kwa mgonjwa ambaye lengo lake ni INR 2.0 hadi 3.0: ikisoma 1.5 hadi 1.9, mfamasia aulize kwanza kama kuna vidonge vilivyorukwa. Kama havipo, aongeze jumla ya dozi ya wiki kwa asilimia 5 hadi 15, na kipimo kirudiwe ndani ya wiki 2. Anayemeza kidonge kimoja cha miligramu 5 kila siku hufikisha 35 kwa wiki. Akimeza kidonge kimoja na nusu siku moja tu, jumla inakuwa 37.5, ongezeko la asilimia 7 hivi.

Kisha wekeni mpaka. INR ikivuka 4.5, mgonjwa akivuja damu, akipata ujauzito, au akiandikiwa kwingine metronidazoli au kotrimoksazoli, dawa zinazopandisha INR, mfamasia asibuni: ampigie daktari papo hapo. Mkataba utaje nani anapokea simu usiku na nani anakaimu daktari akiwa likizo. Kaimu naye asaini. Asiposaini, idhini inalala likizo pamoja na bosi.

Kila badiliko liingie kwenye faili siku hiyohiyo: kipimo, dozi ya zamani, dozi mpya, sababu, tarehe ya kurudi. Ujumbe wa simu si kumbukumbu.

Jambo linalosahaulika: mfamasia anapokagua cheti cha daktari, yeye ndiye jicho la pili. Akibadili dozi mwenyewe na kutoa dawa mwenyewe, jicho hilo limefumba. Mwenzake ndiye akague.

Mgonjwa aelezwe na aridhie. Mkataba uishe baada ya mwaka 1, au mara daktari aliyesaini anapohama. Kila miezi 3 vuteni mafaili 10 bila kuchagua, mhesabu siku kati ya majibu ya maabara na mgonjwa kuambiwa dozi mpya. Ucheleweshaji mwingi umejificha hapo.